Ufa Nyuma ya Gauni la Bluu

Kila Jumatatu asubuhi mpiga picha alifika kwenye ukumbi wa mafundi cherehani, akasimika miguu mitatu ya kamera yake juu ya alama za utepe wa gundi alizozibandika sakafuni, akapiga picha nguo mpya moja baada ya nyingine. Nguo zilivalishwa sanamu lisilo na kichwa, lililosimama mbele ya nguzo nyeupe katikati ya ukumbi. Kazi hiyo alitafutiwa na dada yake, mkuu wa mafundi pale, ambaye wenzake walimbandika jina la Sindano kwa sababu ya ulimi wake.

Jumatatu hiyo mpiga picha alikaa kwenye meza ya pembeni, akahamishia picha kwenye kompyuta na kuanza kuzikagua. Alipoikuza picha ya gauni la bluu, mkono wake ukasita. Nyuma ya bega la gauni, kwenye nguzo, palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Ulipanda ukipinda kushoto, ukapotelea darini, na picha nyingine kumi za asubuhi hiyo zilikuwa nao vilevile.

Akafungua picha za wiki iliyopita. Nguzo ilikuwa nyeupe, laini, haina hata doa.

"Unaangalia nini hivyo, kama umeona nyoka?" Tajiri alikuwa amesimama nyuma yake. Ukumbi ulikuwa wake, na stoo ya vitambaa ghorofa ya juu ilikuwa yake pia.

"Nguzo yako ina ufa, mzee."

Tajiri akainama, akatazama, akacheka. "Hiyo ni kadi ya kamera yako. Si ulisema ile ya zamani imejaa ukanunua nyingine? Umeuziwa feki. Kadi feki zinaharibu picha, kila mtu anajua. Nunua kadi nzuri, ufa utaisha wenyewe."

Akaenda zake ofisini akipiga mluzi. Mpiga picha alibaki anatazama kioo cha kompyuta, na kwa kitambo alitamani sana mzee yule awe amesema kweli. Lakini kazi hii ameifanya miaka kumi na minne. Kadi zilizomharibikia anazikumbuka. Moja iligoma kufunguka kabisa. Nyingine ilimkatia bwana harusi katikati, nusu mtu, nusu kijivu kitupu. Nyingine ilimwachia michirizi ya rangi kama pazia. Hakuna hata moja iliyowahi kukaa chini ikachora ufa mwembamba, wenye kivuli chake, mahali pamoja katika picha kumi na moja.

Ila ufa huo hakuuona kwa macho alipokuwa anapiga.

Akainuka. Akatoa kadi mpya kwenye kamera, akaweka ya zamani baada ya kufuta picha chache. Akapiga. Mstari upo. Akarudisha kadi mpya, akageuka na kupiga nguzo nyingine iliyo karibu na mlango. Safi kabisa. Akarudi kwenye nguzo ya kwanza, akapiga tena, kisha akaweka picha ya asubuhi na ya sasa ubavu kwa ubavu.

Mstari ulikuwa umezaa tawi.

Akasogea mpaka kwenye sanamu. Hata kwa karibu, macho yaliuona mstari kwa shida kwenye weupe ule. Juu ya bega la gauni la bluu palikuwa na vumbi jeupe, laini kama poda. Akainua macho darini. Wiki iliyopita malori mawili yalileta majora ya vitambaa, na wapagazi walishinda siku nzima wakiyapandisha stoo. Akaweka kiganja kwenye nguzo. Ilitetemeka, lakini ukumbini mle kila kitu kilitetemeka, kwa cherehani thelathini zinazonguruma pamoja.

Akamfuata dada yake.

"Dada, toa watu nje."

Sindano hakuinua kichwa kwenye ukosi aliokuwa anaupima. "Jumatano mzigo unaondoka. Nikitoa watu nje, nguo atashona nani, wewe?"

"Nguzo inapasuka. Tazama."

Akamwonyesha kwenye kioo cha kamera. Sindano akakunja uso. "Tajiri amesema ni kadi."

"Kadi ni mfuko tu, dada. Picha inatengenezwa na kamera, kadi inabeba. Mfuko ukitoboka unapoteza unga. Hauwezi kukuongezea jiwe ndani ya unga."

"Tangu utotoni wewe ni mwoga. Paka akiruka dirishani unapiga kelele za mwizi."

"Ni kweli, mimi mwoga. Lakini leo naogopa kitu kilichopo."

Sindano akatazama mlango wa ofisi, akatazama mafundi wake, akatazama saa. Mdogo wake alizijua dalili zile. Angesema ngoja mchana, ngoja tajiri atulie kidogo, ngoja tumalize mikono hii. Miguu ikamtangulia hata kabla hajaamua. Alikwenda mpaka ukutani penye swichi kubwa ya umeme, akaishusha kwa mikono miwili.

Cherehani zote zikanyamaza.

"Nani kazima?" tajiri akafoka kutoka ofisini.

Katika kimya kile walisikia wote. Ta. Kikapita kitambo. Ta-ta. Sauti ndogo, kavu, kama mtu anavunja vijiti ndani ya nguzo. Kipande cha lipu kikadondoka, kikapasukia miguuni pa sanamu.

Sindano akaachia mkasi. "Nje!" akapiga kelele. "Acheni kila kitu! Mikoba acheni! Nje!"

Walitoka wakisukumana, kiti kimoja kikaanguka, mmoja akapoteza kiatu. Tajiri naye alitoka mbio, bado ameshika simu. Kule ng'ambo ya barabara Sindano akaanza kuwahesabu kwa kuwagusa mabega. Alipomaliza akarudia. Uso ukambadilika.

"Mpiga pasi yuko wapi?"

Wakatazamana. "Nilimtuma stoo," fundi mmoja akasema, sauti inamkatika. "Jora la bitana."

Mpiga pasi alikuwa mama mtu mzima, sikio moja limekufa na la pili linasikia kwa kubahatisha. Hata wangeita mpaka sauti ziwakauke, asingesikia. Mpiga picha alinyoosha mkono kumshika dada yake, akashika hewa. Sindano alishavuka barabara.

Akataka kumfuata. Woga ukamzuia. Alisimama pale na kamera shingoni, akitazama mlango mweusi. Ndani kitu kizito kilibiringika. Dirisha la juu likapasuka bila kuguswa. Mafundi wengine walianza kulia kwa sauti ya chini, kana kwamba wakilia kwa nguvu jengo litasikia. "Toka," alinong'ona. "Toka, dada. Nitukane, nipige, lakini toka."

Wakatokea. Sindano alikuwa anamburuta mpiga pasi kwa aproni, na yule mama, asiyejua kinachoendelea, alikuwa anagomba kwamba jora lake limebaki ngazini. Walikuwa wamefika katikati ya barabara wakati sakafu ya juu iliposhuka. Ilijikunja taratibu katikati, kisha ikaja yote kwa mpigo, na vumbi likatoka mlangoni na madirishani likawafunika.

Lilipotulia hapakuwa na ukumbi.

Hakuna aliyekufa. Mhandisi aliyeletwa mchana alisema stoo ilibebeshwa mara tatu ya uzito inaoweza kubeba, na akaomba picha zote, za wiki hii na za nyuma. Tajiri alipandishwa gari la polisi.

Dada na mdogo wake wakarudi nyumbani kwa Sindano kwa miguu, weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu.

"Na kama ungekuwa umekosea?" Sindano akauliza njiani.

"Ungenitukana wiki nzima."

"Mwezi," Sindano akasema. Akacheka, na kicheko kikageuka kilio, akakaa kwenye ukingo wa barabara mpaka kikaisha.

Walipofika, alifungua mlango wake mwenyewe, akasimama kizingitini, asiweze kuingia. Mdogo wake akaingia kwanza. Akapita chumba kwa chumba akigonga kuta kwa ngumi, akiangalia dari na pembe zote, huku dada yake akimuuliza kutoka nje, "Na pale juu ya kabati? Umeangalia vizuri?"

"Nimeangalia, dada."

"Hebu angalia tena."