Kioo cha Hemedy Kilivyogoma Kuwaka

Jumanne, tarehe nne Februari mwaka 2025, ndiyo siku mambo yaliponiharibikia. Nilitoka Salale kwa boti, nikadandia bodaboda hadi Kibiti, kwenye duka la Hemedy la kuchapa na kupiga picha. Nilifuata picha ya marehemu mke wangu, Semeni. Maishani alipigwa picha mara moja tu, palepale, wakubwa walipotaka kila mkulima wa mpunga awe na kitambulisho. Kitambulisho hakikuja. Mauti yakaja. Na mimi nimeshaanza kusahau kidoti chake kilikuwa shavu lipi.

"Umekuja siku mbaya, mtani," Hemedy akasema. Yeye Mmatumbi, mimi Mndengereko, heshima baina yetu hakuna. "Umeme umekatika, ukarudi kwa hasira, ukaunguza kioo cha kompyuta. Nimeleta kipya, cha dijitali, na kadi yake ya kutolea picha nimeipachika ndani ya boksi la kompyuta. Hakiwaki."

Akabonyeza. Boksi likavuma. Kioo cheusi tii, kitaa chake tu kinakonyeza. Akazima, akawasha. Akachomoa kijibao cha ndani, akakisugua kwa raba ya wanafunzi. Cheusi. Akalizaba boksi kofi.

"Ungewazaba wakubwa hivyo," nikamwambia, "Salale tungeshapata gati."

"Napiga window upya."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Nafuta vyote, naanza moja."

"Na Semeni?"

Akajikuna kichwa. "Anafutika naye, mtani."

Nikalikalia boksi.

"Mzee Mshamu, inuka! Makalio yako na mashine wapi na wapi?"

"Mke wangu nimeshamzika. Ukitaka kumzika tena, anza na mimi."

Salima, mkewe Hemedy, alikuwa mlangoni anacheka. "Mwache atamie, huenda akaangua."

Hemedy akanivuta shati. Nikalikumbatia boksi, waya zote zikachomoka, na kwenye ile kadi mpya kikadondoka kifuniko cha plastiki. Salima akakiokota.

"Baba Yasmini, na hiki umekiacha kisichakae?"

Huyo ndiye Hemedy. Kitu kipya hakivui nailoni. Viti vyake vya wateja mwaka wa tatu huu vinatunata mapajani. Kadi aliipachika kifuniko kikiwa bado kwenye tundu lake, waya wa kioo ukakataa kuingia, akauchomeka kwenye tundu la zamani la boksi, ambalo kadi ikishaingia halifanyi kazi tena.

Akarudisha waya zote, ule wa kioo akauchomeka kwenye kadi. Akawasha. Yakaja maandishi, zikaja rangi.

"Si nilisema kitawaka?" akajidai.

Akatafuta jina. Semeni akatokea.

Kidoti shavu la kushoto. Macho yaleyale ya kuniuliza samaki wako wapi. Lakini kanga hana. Kavaa koti jeusi, shati jeupe na tai nyekundu.

"Nini hii?"

"Wakubwa wanapenda watu nadhifu, mtani. Wote tuliwavisha humuhumu kwenye kompyuta. Shingo kwenda chini ni mtu mwingine."

"Ile ya kanga iko wapi?"

"Sikuihifadhi."

Akanichapia hiyohiyo. Nimeibandika chumbani. Jirani yangu Sijaona kaingia kuitazama, kauliza kama marehemu aliwahi kuwa diwani. Uso ni wa mke wangu, sina ugomvi nao. Lakini haya mabega mapana ninayolala nayo chumba kimoja ni ya mume wa nani?