Kamba Namba Sita

Kamba ilikuwa nyeusi, nyororo, na nyepesi mno kwa kazi iliyopewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Tulikuwa wanane kuzunguka kaburi, kila mtu na kamba yake na namba yake, na msimamizi wa mazishi alisema kwa sauti ya chini, "Polepole, mabwana. Pamoja." Nikaiacha iteleze viganjani. Jeneza la Dod Imrie likashuka, na mimi, niliyemwita msaliti mbele ya watu hamsini, nilikuwa mmoja wa waliomshusha.

Kwetu Kilbraddan kadi ya kamba, ya kumwita mtu ashike kamba ya jeneza, haitumwi ovyo. Kichwani hushika mwana mkubwa, miguuni ndugu, ubavuni marafiki. Anayejua kwamba anakufa huandika orodha mwenyewe. Kadi yangu ililetwa na posta siku ya Jumanne: Kamba namba sita, Lachlan Mutch. Niliiweka mezani nikaizunguka kama mbwa anavyomzunguka nungunungu. Niliwaza kwamba ni mzaha. Niliwaza kwamba Netta, mjane wake, anataka niende nikaumbuke mchana kweupe. Niliwaza hata kwamba karani amekosea jina. Kwamba Dod mwenyewe alinitaka pale, hilo halikunijia.

Miaka thelathini na minne hatukuwa tumezungumza.

Mwezi wa pili mwaka 1981 timu yetu ndogo ilipangiwa mechi ya kombe ugenini, dhidi ya klabu kubwa ya mjini. Kilbraddan ilikuwa mji wa kiwanda cha karatasi. Tulinuka karatasi iliyolowa mpaka kwenye harusi zetu. Mechi kama ile ilikuwa haijatujia tangu baba zetu wakiwa vijana. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa basi la mashabiki. Nilikodi basi, nilipanga viti, nilijua nani hutapika kwenye kona.

Lakini sheria ilikuwa mpya. Baada ya fujo za fainali ya mwaka uliotangulia, zilizoonekana kwenye kila televisheni nchini, serikali ilipiga marufuku pombe kwenye mabasi ya mashabiki. Si chupa, si kopo. Ikipatikana, basi linarudishwa na aliyelikodi anashtakiwa. Kwa watu waliozoea kupakia makreti kabla ya kupakia watoto wao, ilikuwa kama kuambiwa waende ugenini bila viatu.

Tulikuwa wanne tuliojua mpango: mimi, dereva Pirie, Tosh Lorimer wa idara ya mashine, na Dod. Chini ya kiti kirefu cha nyuma palikuwa na sanduku la bati la kuhifadhia vifaa. Tuliweka makreti matatu ya bia na chupa nne za wiski, tukafunika kwa blanketi. Dod alitusaidia kubeba. Yeye mwenyewe alikuwa hajagusa pombe tangu Mwaka Mpya.

"Umeokoka nini, Dod?" Tosh alimuuliza.

"Tumbo, bwana. Daktari kaniambia nichague: bia au mazishi."

"Sasa kuchagua hapo kuna ugumu gani? Kwenye mazishi bia ni ya bure!"

Dod alicheka. Alikuwa na mfuko wa machungwa, chakula chake cha safari.

Asubuhi hiyo nilisimama mbele ya basi nikatoa amri mbili. Nilijiona jenerali. Ya kwanza: hakuna mtu kukaa kiti cha nyuma mpaka nitakaposema, mzigo usiguswe kabla hatujalipita jiji la kwanza. Ya pili: hakuna kuimba. Skafu ndani ya makoti, mikono magotini. Tukipita kama watu wenye adabu, nilisema, polisi watatuacha.

Watu walinung'unika lakini wakatii. Ila kulikuwa na daraja.

Tangu tukiwa shule, basi letu likivuka daraja la mto kutoka mjini, Dod aliinua wimbo. Mstari wa kwanza ulikuwa wake peke yake. Hakuna aliyethubutu kumwingilia. Sisi tulijibu kuanzia wa pili, na mimi, niliyekuwa nikikaa naye, nilijibu kwa sauti kuliko wote.

Jumamosi ni ya timu,
Jumapili ni ya Mungu,
siku tano za mwajiri,
hakuna iliyo yangu.

Magurudumu yalipogusa daraja, Dod akaanza. "Jumamosi ni ya..."

"Nyamaza," nikamwambia.

"Ni daraja, Lachie."

"Nimesema nyamaza. Unataka watusikie?"

Akaniangalia kwa mshangao. "Hata kwenye mazishi watu huimba, bwana." Kisha akamenya chungwa, akanipa nusu. Sikulichukua.

Walitusimamisha kwenye maegesho ya kando ya barabara kuu, maili kumi na mbili kabla ya uwanja. Mabasi mengine mawili yalikuwa yakiondoka, mashabiki wao wakipiga vioo na kupayuka. Kwetu alipanda konstebo kijana, masikio mekundu kwa baridi, akasimama karibu na Pirie akitutazama.

"Habari za asubuhi, mabwana. Mnakwenda kanisani?"

Hakuna aliyecheka. Akatembea katikati ya viti bila kugusa mfuko hata mmoja, bila kuinama popote, mpaka nyuma. Akainua kiti.

Nakumbuka sauti ya blanketi likivutwa. Nakumbuka Tosh akininong'oneza, pumzi yake ya moto sikioni: "Amekwenda moja kwa moja, Lachie. Moja kwa moja, kama mtu anayekwenda chooni kwake. Kaambiwa huyo."

Walituzuia pale hadi alasiri wakiandika maelezo, kisha basi likarudishwa. Matokeo tuliyasikia kwenye redio ya Pirie tukiwa karibu na nyumbani: tumeshinda moja bila, bao la dakika ya themanini na tatu. Bao kubwa kuliko yote ya maisha yetu, na watu arobaini walioningoja niwapeleke wakalione walikaa wakitazama visogo vya wenzao. Tangu siku hiyo hatujawahi kushinda tena kwenye uwanja ule.

Nani alisema? Swali hilo lilikula na sisi, likalala na sisi. Mimi sikusema. Tosh alipoteza wiski yake mwenyewe. Pirie alipoteza kazi ya mabasi ya mashabiki. Akabaki mmoja, ambaye hakunywa, hakupoteza kitu, na aliyeimba pale darajani baada ya kukatazwa. Tosh alisema alimwona Alhamisi amesimama nje ya kituo cha polisi. Kituo cha polisi kilikuwa mkabala na duka la mboga, na Dod alikuwa na mfuko wa machungwa. Lakini ukishaanza kumshuku mtu, hata machungwa huwa ushahidi. Na ule wimbo? Nikajiambia ulikuwa ishara. Ishara kwa nani, darajani, saa mbili asubuhi, maili hamsini kutoka kwa polisi yule? Sikujiuliza. Shaka haipendi kuulizwa, inapenda kulishwa.

Kwenye mkutano wa chama cha mashabiki nilisimama nikasema, "Basi letu lina mtu wa polisi, na mtu huyo hanywi."

Sikutaja jina. Vichwa vyote viligeuka. Dod alikuwa kwenye kiti cha pili kutoka mlangoni. Alingoja kidogo, nadhani alingoja niseme zaidi, au nimtazame. Mimi nilikuwa nikizitazama karatasi zangu. Akachukua skafu yake akatoka. Wiki ile mtu alipaka neno "msaliti" kwa rangi nyeupe kwenye banda lake la zana. Nilijua ni nani aliyepaka, na brashi ilikuwa yangu.

Hakuacha kwenda mechi. Alikwenda ugenini kwa treni, peke yake, akasimama upande wa pili wa jukwaa. Nilimwona kila Jumamosi ya miaka thelathini na minne. Tulizeeka tukitazamana kwa pembe ya jicho kama wezi wawili wanaoogopana. Kila alipomsalimu askari wa uwanjani, nilisema moyoni: umeona?

Sasa nirudi kwenye mazishi.

Aliyeshika kamba mkabala na yangu alikuwa mwanamume mrefu wa kama miaka sitini. Upepo ulikuwa wa baridi, masikio yake yakawa mekundu, na hapo nikamtambua. Nasema kweli: nikiwa na kamba ya marehemu mkononi, nilihisi kitu kinachofanana na furaha. Polisi yule yule, kwenye kaburi la Dod, na kamba ya rafiki! Hatimaye nilikuwa na ushahidi.

Hotelini, kwenye chakula cha waombolezaji, baada ya supu na pai ya nyama, nilimfuata na glasi yangu.

"Wewe ni polisi."

"Nilikuwa. Siku hizi nina goti bovu na bustani." Akanipa mkono. "Moncur."

"Mmejuana na Dod tangu lini?"

"Tisa sasa. Miaka tisa. Nilihamia huku nilipostaafu, tukawa tunacheza pamoja ule mchezo wa kuvingirisha tufe kwenye nyasi."

"Tisa tu?"

"Kwani ulitaka mingapi, mzee?"

Nikamwambia mimi ni nani. Nikamtajia maegesho, mwezi wa pili, mwaka 1981. Kisha nikauliza swali nililokuwa nimelibeba nusu ya maisha yangu bila kumuuliza mtu aliyestahili kuulizwa. "Nani aliwaambia?"

Moncur aliweka glasi chini. "Kwa hiyo mwenyekiti ndiye wewe."

"Nani?"

"Hakuna aliyetuambia, mzee. Asubuhi ile nilipanda mabasi kumi na moja. Yote yalikuwa yakiimba matusi, watu wamesimama juu ya viti, nikaangalia mifuko miwili mitatu nikawaacha. Halafu likaja lenu. Wanaume arobaini wanakwenda kwenye mechi ya kombe, mikono magotini, hakuna skafu, hakuna sauti. Nilidhani mmebeba maiti." Akatikisa kichwa. "Na kiti cha nyuma kitupu! Kiti ambacho watu hupigania mpaka wanavunjana meno. Ningeangalia wapi kwingine?"

Watu walikuwa wakicheka kwenye meza ya jirani, wakisimulia habari za Dod na mbwa wake.

"Mngeimba," Moncur akasema, "ningewapita. Nilikuwa nina baridi, nilitaka chai."

Niliuliza, ingawa sikutaka jibu, "Dod alijua haya?"

"Nilimsimulia mwaka ule wa kwanza, nikidhani ni kichekesho. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Halafu akaacha kucheka, akaomba tumalizie mchezo siku nyingine."

Netta alikuwa karibu na dirisha, koti bado mwilini, akipokea pole. Nilingoja hadi watu wakapungua.

"Shemeji," nikasema. Nilikuwa sijamwita hivyo tangu 1981, na neno lilitoka na kutu.

"Umeongea na Moncur. Nimewaona."

"Miaka minane alijua. Kwa nini hakuja kuniambia?"

"Alisema, Lachie akiniuliza, nitamwambia." Netta hakuwa na hasira, ningependelea angekuwa nayo. "Kila Jumamosi akivaa skafu alisema, labda leo ataniuliza. Kabla ya Moncur na baada ya Moncur, maneno yalikuwa hayo hayo. Hukumuuliza, Lachie. Hata siku moja. Ungemshika shati ukamuuliza kwa matusi, angefurahi."

Nilitoa ile kadi mfukoni, sijui kwa nini, kana kwamba nilitaka kuirudisha.

"Na hii?"

"Aliandika mwenyewe hospitalini. Nilimwambia namba sita ampe binamu yake. Akasema, 'Hapana, ya Lachie. Alininyamazisha njiani, aje amalizie kazi.'" Akatabasamu kidogo, macho yamelowa. "Alikuwa na utani mbaya mume wangu, unajua."

"Najua," nikasema. Nilikuwa nimesahau kwamba najua.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa ugenini. Nilipanda basi la mashabiki kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Mwenyekiti siku hizi ni binti anayeitwa Mhairi, mkali kuliko nilivyokuwa mimi. Sheria ya pombe bado ipo, na basi ni kavu kama Biblia. Alifungua chupa yangu ya chai akainusa.

"Chai tu, babu?"

"Chai tu."

"Na huo mfuko?"

"Machungwa."

Akanipisha. Nilikaa dirishani, mfuko nikauweka kwenye kiti cha pili. Vijana walikuwa wameinamia simu zao. Basi likateremka, likapita kiwanda kilichofungwa, likafika mtoni. Nilisikia magurudumu yakigusa daraja, ule mlio wa chuma ambao haujabadilika.

Nikangoja muda wa mstari mmoja upite. Kisha nikaanza wa pili, kwa sababu wa kwanza haukuwa wangu.