Dakika Mbili za Maili Thelathini

Mzee Mughwai alikuwa ameshapandisha mguu wa kulia kwenye ngazi ya behewa pale alipomwona, ndani, mzee aliyemzidi umri. Akaushusha mguu. Akavua kofia, akasimama chini kwenye changarawe, akaanza: shikamoo, habari za mtokako, za nyumbani, za ng'ombe, mvua imewafikia? Nyuma yake tulikuwa watu ishirini na sita na mizigo yetu, na hakuna aliyethubutu kumpita mwenyekiti wa kijiji akiwa anasalimia. Mzee wa ndani naye hakuwa na haraka. Alijibu kila swali kwa ukamilifu, kisha akaanza kuuliza ya kwake.

Mughwai alipopanda na kuketi, aliyefuata akakuta sasa kuna wazee wawili wa kuamkia. Wa tatu akakuta watatu. Kila aliyepanda aliwaongezea kazi waliobaki chini, na treni ilipaswa kusimama dakika mbili tu.

Gadi alikuwa mtu mwembamba wa Kinampanda, jina lake Antipasi, mwenye bendera ya kijani mkono mmoja na saa mkono wa pili. Alinijia mimi kwa kuwa alisikia watu wakiniita mwalimu.

"Mwalimu, treni ya njia kuu hainisubiri Manyoni. Nimeagizwa niandike kila dakika. Jumatano ijayo mkinichelewesha tena, behewa hili halirudi."

Dakika ya kumi na nne akapuliza filimbi. Magurudumu yakazunguka, na mama yangu akabaki chini na kikapu chake, anamuuliza mwanamke mmoja dirishani kama watoto wameamka salama.

Mwaka ule ulikuwa wa sabini na tano. Mimi Elina nilikuwa nafundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa kilichoitwa Maili Thelathini, kwa sababu ndivyo jiwe la reli lilivyosema: maili thelathini hadi Manyoni. Reli yetu ilikuwa tawi dogo la kubebea jasi kutoka machimboni. Zamani ilikuwa na behewa la abiria, likaondolewa kwa kukosa watu, na siwalaumu, maana enzi hizo pale palikuwa na vichaka na tembo. Kisha ikaja Operesheni, tukahamishwa na masufuria yetu, tukapangwa mistari miwili kando ya reli. Tukawa tunaitazama jasi ikisafiri mara mbili kwa wiki huku sisi binadamu tukipiga mchanga kwa miguu. Niliwaandikia wenye reli barua mbili, kimya. Ya tatu waliiandika wanafunzi wangu wenyewe, wazee kwa vijana, herufi zimelala kila upande. Hiyo ndiyo iliyojibiwa. Tulipewa behewa moja, kila Jumatano, kwa majaribio.

Nitasema kweli, sikupigania behewa lile kwa ajili ya maendeleo ya taifa. Nililipigania kwa ajili ya mama.

Mama, Marietha, magoti yake yalikuwa yamekwisha. Baiskeli ilikuwa inazama mchangani hata bila abiria. Na kule Manyoni alikuwa dada yake, mama mkubwa Kristina, ambaye hawakuwa wameonana naye kwa miaka tisa. Mwezi wa tatu jirani wa Kristina alituandikia kwamba jicho la kushoto limekufa, na la kulia linafifia, daktari amesema halitafika mbali. Anaomba mdogo wake aende kabla halijazimika. Barua ni nusu ya kuonana, husema watu, lakini nusu ile haikumtosha mama. Alinitaka nimsomee barua ile kila jioni mpaka nikaijua kwa moyo.

Kwa hiyo Jumatano ile tulipotembea kurudi nyumbani na kikapu chetu, nilimkasirikia sana.

"Mama, salamu ya nani ile isiyoweza kungoja?"

"Nilikuwa naingia kwa watu."

"Lile ni behewa, si nyumba!"

"Watu wamekaa, wanakula, mtoto ananyonya. Nyumba ni nini basi?" Akatembea kidogo, kisha akasema, "Niingie nimenyamaza kama mwizi? Mimi si gunia la jasi, Elina."

Nikazidi kukasirika.

Kesho yake alasiri nilifuta ubao, nikawaambia wanafunzi kwamba wiki hii hatusomi, tunapanda treni. Tulichora behewa kwenye uwanja wa darasa, mlango, ngazi ya matofali, mabenchi pande mbili. Naftali, aliyekuwa na saa pekee kijijini, akawa gadi. Mara ya kwanza tulitumia dakika tisa. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Mughwai alipinga kwamba mwenda pole hajikwai, nikamwambia ni kweli, mzee, lakini pia hafiki Manyoni.

Mpango ulikuwa huu. Jumatano tutafika relini saa moja mapema, tusalimiane sisi kwa sisi hadi tuchoke. Treni ikifika, tutapanda bila neno. Watu wa ndani tutawaamkia magurudumu yakishazunguka. Hakuna aliyeufurahia. Walisema watu wa machimboni watatutangaza kuwa hatukulelewa. Lakini Mughwai aliinuka, akavua kofia, akasema aibu ya dakika mbili atabeba yeye, kwa kuwa yeye ndiye mwenyekiti. Nilimpenda mzee yule siku hiyo.

Mama peke yake hakufanya mazoezi. Alikaa pembeni akichambua uwele, akitazama kijiji kizima kinaingia kwenye nyumba ya chaki bila hodi.

Jumatano ikafika. Treni ikafika pia, nyeupe kwa vumbi la jasi, behewa letu nyuma kabisa. Antipasi akashuka, saa mkononi. Mughwai akapanda mdomo umefungwa, macho yametazama mbele, na mzee yule yule wa wiki iliyopita akafungua kinywa kumpokea kisha akakifunga kwa mshangao. Wengine wakafuata. Kilichosikika ni ndala na pumzi tu. Dakika ya kwanza ikaisha tumebaki wanne, na wa mwisho tulikuwa mama na mimi.

Mama akapanda ngazi ya kwanza, ya pili, akasimama mlangoni. Kwenye benchi la karibu alikuwa ameketi bibi mkongwe, mkongwe kuliko wote niliowahi kuwaona, anamtazama usoni, anangoja. Niliona mabega ya mama yakianza kuinama. Nilitaka kumsukuma. Mkono wangu ulikuwa tayari mgongoni kwake, na hadi leo nashukuru sikumsukuma.

Mama alichukua ncha ya khanga yake, akajiziba mdomo kwa nguvu, kama mtu anayezuia kilio. Akaingia. Akaketi. Filimbi ikalia.

Behewa liliposogea hatua tatu, mama alikuwa ameshasimama. Alishika benchi, akarudi kwa yule bibi, akapiga goti lililokwisha pale pale sakafuni. "Shikamoo, mama. Nisamehe, nimekupita."

"Marahaba, mwanangu. Nilidhani mmekatazwa na serikali."

Basi behewa likachemka. Kila mtu akainuka kulipa salamu aliyoizuia, watu wakayumba, wakaangukiana, wakauliza habari za ng'ombe kwa sauti ya kushinda magurudumu. Hata Antipasi hakupona. Mama alimuuliza habari za wazazi wake mpaka akavua kofia na kukiri kwamba hajawaandikia tangu Pasaka.

"Lakini tumetumia ngapi?" nilimuuliza nikishindwa kuvumilia.

"Dakika moja na nusu, mwalimu."

Nilifurahi kiasi kwamba nilimwomba arudie.

Behewa halikukatwa. Lilitubeba miaka sita, kila Jumatano, mpaka jasi yenyewe ilipokwisha ardhini. Watoto waliozaliwa kijijini kwetu walikua wakidhani kila mahali duniani watu hupanda kwanza, ndipo huamkiana. Na jicho la mama mkubwa Kristina lilizimika kabla ya mavuno ya mwaka uliofuata.

Lakini siku ile ya safari yetu ya kwanza, waliotutangulia wiki iliyopita walikuwa wamempelekea habari kwamba tutakuja. Alikuwa amekaa juu ya begi nje ya stesheni ya Manyoni, jirani yake kando, uso ameuelekeza kwenye kelele za treni. Mama alichechemea hadi mbele yake.

"Shikamoo, dada."

Kristina hakuitikia. Alinyoosha mikono, akamshika mama kidevu, akamgeuza taratibu hadi jua likampiga usoni. Akamsogeza karibu, karibu zaidi, jicho la kulia limekazwa.

"Eh, Marietha," akasema. "Mbona umezeeka hivi?"

Mama alifungua kitambaa cha kichwa, akainama, akamsogezea mvi zake zote azitazame.