Beberu Kwenye Nondo ya Ethi

"Feki ni wewe, shemeji, siyo kinga yangu!"

Winfrida alikuwa amesimama chini ya meni swichi, kidole juu, akionyesha kifaa cheupe alichokinunua mjini ili umeme ukirudi kwa kishindo usimuunguzie vitu. Sixbert, mdogo wa mumewe, ndiye aliyekifunga, kama alivyofunga nyaya zote za nyumba hii ya Mandewa. Sasa alikuwa amejikunja kwenye kochi na viatu vyake, mbele ya televisheni iliyoungua juzi.

"Shemeji, wewe umesomea mifugo. Mambo ya umeme niachie mimi."

"Nilikuachia. Ndiyo maana televisheni inanuka kama maharage yaliyoungua, na asubuhi friji limempiga shoti mwanangu."

"Alishika na mikono yenye maji."

"Alikuwa anachukua maziwa! Friji gani hilo la kufungulia na glovu?"

Mama mkwe, Mama Anastazia, alikuwa mlangoni anachambua mlenda. Alikuja Jumapili kutoka Mtinko na beberu wa kipaimara cha Faith, na tangu afike hajaacha kumhesabia mkwewe makosa.

"Mama Faith, sauti. Elisha angekuwepo usingemfokea mdogo wake namna hiyo."

"Elisha yuko Sekenke anachimba dhahabu, Mama. Angekuwepo ningewafokea wote wawili."

Hakuwa na muda wa adabu. Umeme ulikatika tangu asubuhi, Faith alipokwenda shule, na stoo kulikuwa na mashine ya kutotolesha imejaa mayai ya kienyeji, yamebakiza siku chache kupasuka. Alikuwa ameifunika mablanketi mawili. Umeme ukichelewa, vifaranga vinakufa kwa baridi ndani ya maganda. Ukirudi kama ulivyorudi juzi, mashine inaungua na vinakufa vilevile. Juzi iliponea kwa bahati tu, alikuwa ameichomoa kidogo ageuze mayai.

"Nisikilize, Sixbert. Hii kinga ina kazi moja. Umeme ukizidi, inaumwaga ardhini. Isipoipata ardhi, unabaki humu ndani na sisi. Nataka kuiona ardhi yako."

"Ethi iko nyuma ya nyumba, siku zote. Nondo ya shaba na waya wa kijani."

"Twende."

Mama Anastazia akaacha mlenda. "Mwende wapi? Huko nyuma kuna mbuzi wangu."

Alisema haraka mno. Winfrida akamtazama, akashusha meni swichi, maana hakutaka kuishika nondo halafu umeme urudi, akatoka. Nao wakamfuata.

Beberu alikuwepo. Alikuwa amefungwa kwa kamba ya katani kwenye nondo ya ethi yenyewe, na kwa jinsi alivyoizunguka tangu Jumapili, nondo ilikuwa imelala upande kama mlevi ukutani. Waya wa kijani ulikuwa umechomoka zamani. Ulikuwa chini, kwenye samadi.

"Mama."

"Ningemfunga wapi? Ua wenu wote ni jiwe! Nimepigilia vigingi, vyote vimevunjika. Kilichosimama ni hicho tu."

"Na huyu mwanao alimwona amefungwa hapa?"

Sixbert akatazama bati la jirani. "Mimi ndiye niliyemwonyesha Mama pa kumfunga. Shemeji, mbuzi hawezi kung'oa kitu kilichozama futi sita. Waya tu ndio umelegea. Naubana sasa hivi, yamekwisha."

"Futi sita?"

"Futi sita."

Winfrida akaishika nondo kwa mkono mmoja, akavuta. Ilitoka kama muhogo baada ya mvua. Urefu wake ulikuwa wa mkono, kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, na ncha ya chini ilikuwa bapa, inang'aa, imekatwa kwa msumeno.

Beberu alitikisa ndevu, akaendelea kutafuna.

"Chini kuna mwamba!" Sixbert akapaza sauti. "Ulitaka nitoboe Singida nzima?"

"Nilitaka useme. Kipande kingine kiko wapi?"

Sixbert akaanza kuukunja ule waya wa kijani.

"Nimekuuliza, kiko wapi?"

"Nilimfungia mteja mwingine."

"Kwa hiyo kuna mama mwingine huko ana friji linalopiga watoto."

Mama Anastazia akahamia Kinyaturu, lugha anayoitumia akitaka mtu aumie. Safari hii maneno hayakwenda kwa mkwewe. Sixbert akarudi nyuma hatua, nusura amkanyage beberu.

Mara mtaa mzima ukapiga kelele. "Umerudi!" Redio ya jirani ikaanza kuimba katikati ya wimbo.

"Washa, shemeji," Sixbert akasema, sauti imelainika. "Mayai yanapoa. Kesho naleta nondo nyingine."

"Washa, Mama Faith," mama mkwe naye akaongeza. "Vifaranga ni roho."

Winfrida alirudi ndani, wao nyuma yake. Akaweka mkono kwenye swichi. Ilihitaji kidole tu. Pengine leo umeme ungetulia. Pengine usingetulia. Alifikiria mayai yale, halafu akamfikiria Faith, atakavyorudi shule na njaa yake na kukimbilia friji kabla hata ya kuvua begi.

Akaondoa mkono. Akafunga mlango wa kisanduku cha swichi, akachukua kufuli la banda la kuku, akalibana, ufunguo akausokomeza kifuani.

"Hauwaki."

"Mayai yatakufa!"

"Yatakayokufa nitayatupa mimi. Mama, washa jiko la mkaa, tena nje, uinjike sufuria kubwa. Nakusanya chupa. Tutayapasha kwa maji ya moto mpaka usiku, na mpaka kesho ikibidi."

Mama Anastazia akaenda kutafuta kiberiti.

Sixbert alikuwa ameshatoa funguo za pikipiki. "Basi mimi nipite mjini mara moja..."

"Utapita kwa miguu."

Alimtangulia nje, akamfungua beberu kutoka kwenye kile kipande cha nondo, akamfunga kwenye pikipiki ya Sixbert, mafundo matatu, chini kabisa kwenye chuma cha kiti. Beberu akajaribu kamba, akaona imeshika, akaanza kunusa siti.

"Shemeji, ataila!"

"Basi tembea haraka. Lete nondo nzima mbili, yangu na ya huyo mteja wako. Yangu ikigoma kwenda chini utachimba mtaro uilaze, pale maji ya kuogea yanapomwagikia, maana umeme unapita vizuri kwenye udongo mbichi. Atakayefunga waya ni fundi mwingine. Wewe waya wa nyumba hii hutaushika tena."

"Elisha atasikia."

"Nitampigia mwenyewe. Nenda."

Akaenda, akigeukageuka kuitazama siti yake.

Winfrida hakumsindikiza kwa macho. Alibeba chupa za plastiki stoo, akazijaza maji ya kwanza yaliyoanza kutoa mvuke, akazifunga kwa kanga, akazipanga pembeni mwa mayai moja baada ya nyingine. Akarudisha mablanketi.

"Maji mengine, Mama!" akaita.

"Yanakuja," mama mkwe akajibu kutoka nje, kwa hasira, huku akipuliza mkaa.