Keki ya Ebbe

Mimi ni mjinga, na wala sijisingizii. Ile seva ya ofisi yetu ya kompyuta, inayoshika kwa muda majina na miadi ya wagonjwa wa hospitali ili programu ya kwenye simu zao isikawie, tumeikodi kwa kampuni ya mtandaoni na tumeifungia: inafikika kutoka ndani ya mtandao wetu tu. Jumapili nilikuwa kwenye nyumba yetu ya kiangazi, nataka kurekebisha kitu, njia ya kuingilia mtandao wetu ikagoma. Nikawasha ruhusa ya mtandao wa umma, yaani yeyote popote aweze kuifikia. Dakika tano tu, nikajisemea. Wageni wakaingia, tukachoma soseji, nikasahau.

Jumatano mtu tusiyemjua akatuandikia: nayaona majina ya wagonjwa wenu, fungeni.

Tukafunga mbio mbio. Ofisi nzima tulikuwa tunatumia akaunti moja ya usimamizi, aibu nyingine hiyo, basi zaidi yangu hakuna aliyejua ni nani aliyewasha, nami sikusema. Lakini zamu ya kuiangalia seva wiki ile ilikuwa ya Ebbe, mtu wa miaka hamsini na tisa, bado yuko kwenye majaribio ya kazi.

"Mzee, umetuanika uchi!" Troels, mwenzetu wa ofisini, akamtania. Jamani, na mimi nikacheka!

Ofisini kwetu hapa Aarhus, aliyekosea huleta keki. Ijumaa Ebbe akaja nayo, ya mdalasini, kaioka mwenyewe.

"Mnisamehe. Sikumbuki kabisa kugusa kitu, lakini itakuwa mimi tu."

Nikala vipande viwili. Halafu bosi wetu, Vibeke, akanivuta pembeni.

"Dorthe, Ebbe simthibitishi. Jumatatu namwambia."

Uso ukaniwaka moto. "Ni mimi," nikasema. "Niliwasha mimi, Jumapili."

"Wewe? Na keki yake umekula?"

"Nimekula."

Akanitazama mpaka nikainamisha kichwa. "Nenda kamwambie mwenyewe. Sasa hivi."

Ebbe alikuwa jikoni anaosha sahani. Nikamwambia bila kuzungukazunguka. Nilitamani anitukane, ningeshukuru. Akafunga bomba, akaketi.

"Kwa hiyo sikusahau?"

"Hukusahau, Ebbe. Hukugusa kitu."

"Jana nimekwenda kwa daktari," akasema taratibu. "Nimemwambia kichwa kimeanza kuniacha, kama cha marehemu mama. Mke wangu hajaacha kulia."

Akatoa simu, akabonyeza namba ya nyumbani. Ilipoanza kuita akaninyooshea.

"Mwambie wewe."