Mkono wa Kanzu na Tawi la Mlangilangi

Hamis alikuja na msumeno wa mnyororo, ule mkubwa wenye bapa refu, akautua uani kwa Bi Sitara na kuutazama mlangilangi toka shinani mpaka kileleni. Kisha akamgeukia Abubakary, mtoto wa Bi Sitara, akazungumza naye kana kwamba mwenye mti hayupo.

"Bro, huu tunaulaza chini wote. Unapata na sehemu ya kuweka gari."

"Mimi nilisema tawi," alisema Bi Sitara kutoka mlangoni mwa jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Tawi."

"Lile tawi ni nene kama ndoo, bibi yangu. Linataka mashine hii, na mashine hii mimi sipandi nayo. Ina kilo saba. Nikiiwasha kule juu itanishusha yenyewe, na mnyororo unazunguka."

Tawi lilikuwa limeegemea tanki la maji la jirani, kwenye ghorofa jipya lililoikaba nyumba yao hapo Mchafukoge. Jirani hakuwa mgomvi. Mara ya kwanza alikuja kulalamika na mkate wa sinia. Mara ya pili alikuja mikono mitupu. Ndipo Abubakary alipomwahidi kwamba Jumapili haitapita tawi likiwa pale.

"Mama, bora uondoke wote," alisema Abubakary kwa sauti ya chini. "Maua yakianza kunukia jioni, wewe usingizi ndiyo basi tena. Na tangu utoke eda hujachuma hata moja. Unafikiri sioni?"

Wakati wa eda mjane hajipambi wala hajitii manukato, hilo hata mtoto mdogo wa pwani analijua. Lakini eda ilikwisha, na maua yalikuwa kule kule juu, na aliyekuwa akiyafuata walikuwa wamemzika. Mumewe Mbaruku alikuwa akitoka kuswali alasiri, haingii hata ndani. Anakunja kanzu yake, anaifunga kiunoni, huyo anapanda. Akifika kwenye tawi lile anaketi, mkono wa kulia anachumia, wa kushoto amelikumbatia. Na akiwa huko juu lazima atege kitendawili, na mkewe asipokijua hateremshi maua mpaka apewe mji. Bi Sitara alikwisha kumpa Tanga, Bagamoyo na Unguja nzima.

Amelikumbatia. Bi Sitara alisimama ghafla.

"Lile tawi si nene kama ndoo," alisema.

"Bibi, mimi kazi yangu hii."

"Wewe umelitazama kutoka chini, lina majani na mmea uliotambaa mpaka huko. Mume wangu alilizungushia mkono mmoja, vidole vikarudi kushika bega lake mwenyewe. Ngoja."

Aliingia chumbani. Nguo za marehemu ziligawiwa zote, kama desturi ilivyo, ila kanzu moja aliibakiza chini ya mto wake, na hakuna aliyemuuliza. Aliitoa, akaikunja vizuri ndani ya kanga.

"Twendeni Kariakoo," alisema.

Duka lilikuwa la Mchaga mmoja aitwaye Aristides, limejaa pampu na majenereta mpaka nje. Misumeno ilining'inia ukutani, midogo kwa mikubwa. Aristides alimwamkia Bi Sitara, akamvutia kiti.

"Kitendawili," alisema Bi Sitara kabla hajakaa.

Aristides alicheka. "Tega, mama."

"Namla mwenzangu, namwaga unga, na sishibi."

"Msumeno. Huo ndio mkate wangu wa kila siku, nitashindwaje? Sasa niambie, unataka wa kazi gani?"

"Wa kupanda nao mtini."

"Hapo sasa. Watu wanakuja hapa wanataka mkubwa tu, kama wananunua fahari. Mkubwa ni wa kukata gogo likiwa chini. Ukiwa juu unataka mwepesi, mshiko wake uko juu ya mashine na si nyuma, ukae nao karibu na kifua, mikono yote miwili. Na bapa lizidi unene wa tawi kidogo tu. Refu mno linagonga matawi mengine, linakurudia usoni. Kule kwetu Rombo tunapogoa miti ya kivuli juu ya migomba na kahawa, na nikiwa huko juu nauona mlima wote, mama. Huku naona jenereta." Alichukua futi mezani. "Tawi lina unene gani?"

"Ndoo," alisema Hamis.

Bi Sitara alikunjua kanga. Akaitandaza kanzu juu ya meza, akaushika mkono wa kushoto. Kitambaa kilikuwa na doa la utomvu lililoanzia karibu na bega likashuka mpaka kwenye kifundo cha mkono, doa lililomgombanisha na Mbaruku miaka yote, kwa maana halikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu.

"Hapa ndipo tawi lilipomgusa marehemu mwaka jana," alisema. "Lote hili."

Aliuviringisha mkono wa kanzu, mwisho wa doa ukakutana na mwanzo wake, akaushikilia hivyo. Ukawa duara tupu juu ya meza. Abubakary alilitazama lile duara, akamtazama mama yake, akageukia barabarani.

Aristides alipitisha futi katikati. "Inchi nane," alisema kwa upole. "Na tawi halinenepi sana ndani ya mwaka. Bapa la inchi kumi na mbili linatosha, na nafasi inabaki."

Hamis aliuinua ule msumeno mdogo, akaupima kwa mkono. "Huu hata usingizini napanda nao."

"Utapanda na kamba," alisema Bi Sitara.

Abubakary ndiye aliyelipa. Hakuzungumzia tena kuukata mti.

Jioni hiyo Hamis alikuwa juu, amejifunga kwenye shina kwa kamba, na kamba nyingine amelifunga tawi, ncha yake ameishika Abubakary. Alipouondoa ule mmea uliotambaa, tawi likaonekana jinsi lilivyo.

"Bibi," aliita. "Nikate wapi?"

Bi Sitara alitamani kusema mbali. Alitamani pabaki kipande, japo cha kukalia mtu mmoja.

"Ukiacha kigutu?" aliuliza.

"Kitaoza. Maji yataingia shinani, na mti wenyewe tutaukosa."

Bi Sitara alilitazama tawi toka nchani mpaka shinani.

"Kata karibu na shina," alisema.

Msumeno ulilia kwa sauti nyembamba, unga ukamwagika juu ya kanga yake. Tawi lilishuka taratibu kwa kamba, likalala uani na maua yake yote. Bi Sitara aliingia jikoni kuepua wali. Alipotoka na mwiko mkononi, mwanga ulikuwa umepata njia mpya, na mtu alikuwa kule juu kati ya majani, mgongo umegeuka.

"Baba Abuu, shuka," aliita. "Chakula kinapoa."

Abubakary aliinamisha uso. Hamis hakugeuka upesi.

"Nashuka, bibi," alijibu.

Bi Sitara alisimama pale pale, akiitazama ile miguu inavyoshuka, mmoja, kisha mwingine, mpaka ilipogusa ardhi ikawa ni miguu ya Hamis.