Majivu Juu ya Wali

Kofi lilimkuta Sukhdeo ameinama. Panga lilimponyoka, naye akaanguka kwa magoti kwenye majivu.

"Visiki!" mnyapara Ramdhari alifoka. "Vimefika gotini! Sukari iko chini, kwenye shina. Unawaachia panya?"

Sukhdeo alipapasa mpaka akalipata panga. Shamba lilichomwa jana ili majani yaishe, na asubuhi hii lilinuka moshi na utamu wa miwa iliyoungua. Majivu meusi yalielea mbele ya jicho lake la kulia. Alijifuta. Yakarudi.

Wiki tatu sasa alikuwa akijifuta hivyo. Hapa kisiwani Vanua Levu, msimu wa kuchoma miwa, kila mkataji anatembea na majivu usoni, basi hakuuliza. Mpaka Jumapili moja. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili, hakuna shamba lililochomwa, naye ameketi mbele ya sahani ya wali mweupe. Majivu yakaanguka juu ya wali. Mkewe alitazama sahani, asione kitu.

"Hayo si majivu, baba," Sista Losena wa zahanati alimwambia. "Ni damu. Kisukari kimeharibu mishipa nyuma ya jicho, inavuja. La kushoto limeshakufa. Hili bado tunaweza kuliokoa."

Madaktari wa macho walikuja hospitali ya wilaya na mashine yao mara moja kwa mwaka, na Sista ndiye aliyewaitia wagonjwa. Siku ya mwisho ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri. Sista alimwandikia kadi, akamkataza kuinama na kubeba mizigo.

Leo ilikuwa Alhamisi.

"Mnyapara, nilikuomba ruhusa tangu juzi. Basi linapita saa sita."

"Na mimi nimeshachoma. Miwa iliyochomwa haingoji mtu. Malori yasipofika kiwandani leo, zamu yetu inapewa genge jingine. Watu kumi na mmoja walale njaa kwa ajili ya jicho lako?"

"Ni hili moja tu limebaki."

"Basi katia hilo hilo."

Wenzake walicheka. Apenisa, aliyekata mstari wa pili, hakucheka. "Mwachie aende, bosi. Mstari wake nitaumalizia mimi."

"Wewe na kitambi hicho? Maliza wako!"

Sukhdeo aliweka panga chini, akaanza kutembea kuelekea reli ya treni ya miwa, mpakani mwa shamba. Hatua ya nne, ubapa wa panga la Ramdhari ukamshukia mgongoni. Pigo la pili likamshukia shingoni.

"Vuka hiyo reli," Ramdhari alisema taratibu, "na leo hii mkeo atoe vyombo kwenye nyumba yangu."

Sukhdeo alirudi. Aliinama.

Ilipokaribia saa sita kitu kilipasuka ndani ya jicho. Wekundu ulishuka kama pazia, kisha ukawa mweusi.

"Sioni," alisema.

"Kata!"

"Mnyapara, sioni kabisa."

Teke lilimpata kiunoni. "Kata! Chini! Chini zaidi!"

Alikamata muwa kwa mkono wa kushoto, akapiga chini. Akakamata mwingine, akapiga. Hakujua kwamba Apenisa alikuwa ameingia upande wa pili wa mstari, kimya kimya, kumsaidia. Panga lilipiga kitu ambacho hakikuvunjika kama muwa. Maji ya moto yalimrukia mikononi. Kisha Apenisa akapiga yowe.

Walimlaza juu ya miwa, kwenye lori lililojaa nusu. Sukhdeo aliubana mguu wa Apenisa kwa shati lake njia nzima. Ulikuwa umeshikiliwa na ngozi tu. Apenisa alimwomba Mungu kwa sauti, kwa lugha ya kwao. Sukhdeo naye aliomba, asijue aanze na mguu au na jicho.

Walifika hospitali ya wilaya saa nane na nusu. Koplo wa polisi alimfunga Sukhdeo pingu kwenye benchi la ukumbini. Ramdhari alikuwa ametangulia kufika kwa gari lake, na maelezo ya Sukhdeo yalikuwa yameshaandikwa.

"Inasema ulikuwa umelewa," koplo alisema. "Soma, kisha utie kidole."

"Sijawahi kunywa, afande."

"Soma basi."

"Sioni."

"Kama huoni, tia kidole." Alimkamata mkono, akaubandika kwenye karatasi.

Kutoka nyuma ya kona sauti ya Sista Losena ikaita: "Sukhdeo! Wa mwisho! Sukhdeo yupo?"

Alisimama. Pingu ikamvuta chini. Kiganja cha Ramdhari kikamziba mdomo, kikamgonga kichwa ukutani.

"Hayupo, Sista!" Ramdhari alijibu.

Koplo alikunja karatasi.

Baada ya muda magurudumu yalisikika sakafuni, mazito, yakija taratibu. "Jamani, miguu," mtu asiyemfahamu alisema kwa upole. "Tupisheni, tunarudisha mashine ya macho."

Sukhdeo akairudisha miguu yake chini ya benchi.